Unataka kuwa rubani na uko Lubumbashi: chuo kikuu usome nini?

Matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yakitoka, Lubumbashi hunuka poda. Vijana wanamwagiana vichwani hadi nguo zinageuka nyeupe, akina mama wanapiga vigelegele, na kabla poda haijaoshwa mjomba mmoja ameshauliza: "Sasa utaingia kitivo gani?" Anayejibu Udaktari au Sheria anapigiwa makofi. Anayejibu kwamba anataka kurusha ndege anatazamwa kama aliyeomba kupelekwa mwezini, kisha anaulizwa tena: "Sawa, lakini UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, utasoma nini?"

Mjomba hajakosea kuuliza. Mafunzo ya urubani yanagharimu makumi ya maelfu ya dola, na familia nyingi za mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi hazina fedha hizo mezani mtoto anapofikisha miaka 18. Hata zingekuwapo, bado kuna swali la siku ambayo ndege itakukataa. Naandika kwa ajili ya kijana mwenye diploma mkononi na kwa mzazi anayetakiwa kulipa. Msimamo wangu ni huu: usichague shahada kwa sababu jina lake lina neno "anga". Chagua itakayokulisha hapa Katanga bila ndege, halafu uijengee urubani juu yake.

HATUA YA KWANZA: TENGANISHA LESENI NA SHAHADA

Kanuni za leseni za marubani duniani zinatokana na Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao unasimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Kiambatisho hicho kinadai umri, afya, nadharia, saa za kuruka na lugha. Shahada ya chuo kikuu hakiidai popote.

Ngazi zenyewe ni tatu. Leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17 na saa 40 za kuruka. Unaweza kumpakia mdogo wako, lakini huruhusiwi kulipwa. Leseni ya biashara inaanzia miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma kozi nzima kwenye shule iliyoidhinishwa; hapo ndipo mshahara unaporuhusiwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, inadai miaka 21 na saa 1,500. Hivyo ni viwango vya chini, na nchi inaweza kuongeza vyake. Marekani, kwa mfano, njia ya kawaida ya leseni ya biashara inadai saa 250.

Waajiri je? Kwa miaka mingi mashirika makubwa ya Marekani yalipenda wenye shahada ya miaka minne. Delta iliiacha kama sharti Januari 2022; sasa inaihesabu kuwa sifa ya ziada. Katika Afrika, tangazo la kazi huanza na leseni, saa, aina za ndege ulizorusha, cheti cha afya na Kiingereza. Shahada ikitajwa, mara nyingi ni kwa wale ambao shirika lenyewe litawasomesha tangu mwanzo, na hata hapo alama za Hesabu na Fizikia za sekondari ndizo zinazotazamwa kwanza.

Kwa hiyo anayekwambia huwezi kuwa rubani bila shahada amekosea. Anayekwambia shahada ni kupoteza muda, naye muulize rubani aliyesimamishwa na daktari akiwa na miaka 38 na watoto watatu anafanya nini siku hizi.

HATUA YA PILI: DAKTARI KABLA YA MINERVALI (ADA YA SHULE)

Watu wengi huiruka hatua hii, na ni ya bei ndogo kuliko zote. Rubani wa kulipwa lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Daktari wa kawaida wa familia hawezi kukitoa. Atapima macho, masikio, moyo kwa mashine ya umeme, mapafu, damu, mkojo na akili. Kwa kijana, cheti hudumu miezi 12, kisha unapimwa tena na tena hadi unastaafu; umri ukisogea, muda huo unaweza kufupishwa hadi miezi 6. Ndege ya marubani wawili inakuruhusu kufanya safari za kimataifa hadi miaka 65.

Miwani haizuii, ilimradi macho yasahihishwe vizuri. Kutotofautisha rangi kunaweza kuzuia, ingawa aliyeshindwa kwenye kitabu cha nukta za rangi anaweza kuomba kipimo kingine cha kina. Kwetu kuna suala la selimundu, na hapa watu hutishana bure: mwenye AS (anayebeba tu urithi wake) na mwenye SS (mgonjwa mwenyewe) hawako kundi moja. Mwenye SS kwa kawaida hukataliwa, kwa sababu hewa nyembamba ya juu ni hatari kwake. Mwenye AS mara nyingi hupita, lakini aseme mapema apimwe. Kifafa, kisukari cha sindano na baadhi ya magonjwa ya moyo navyo hufunga mlango au kuufanya mwembamba sana.

Jambo moja la kuzingatia: ukijua utachukua leseni ya Afrika ya Kusini, Kenya, Uganda au Ulaya, pima kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya nchi hiyo. Cheti cha mamlaka moja hakihamii nchi nyingine kama barua ya posta. Familia ikisikia gharama ya safari ya kwenda kupima tu italalamika. Ni halali yao, ila ukiilinganisha na minervali ya mwaka mmoja wa shule ya urubani, utaona kwamba vipimo ndivyo vinavyolinda fedha.

HATUA YA TATU: PITISHA KILA FANI KWENYE MASWALI MATATU

La kwanza, na ndilo zito: fani hii itanipa kazi hapa mkoani hata nisipogusa ndege? La pili: itanipunguzia mzigo wa nadharia ya urubani? La tatu: itaniachia miaka na fedha za kuruka? Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) unatupa lisansi ya miaka 3 na masta ya miaka 2, kwa hiyo aliyepata diploma ya Serikali akiwa na miaka 18 anaweza kushika lisansi akiwa na 21 au 22 bado kijana. Sasa tuzichukue fani moja moja. Sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazilingani.

Elektromekanika. Ningekuwa na mdogo wangu aliyemaliza Hesabu na Fizikia kwenye sekondari ya Imara, au umeme kwenye shule ya ufundi ya Salama, ningempeleka Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha UNILU, idara ya elektromekanika. Sababu yangu kubwa si ndege, ni migodi. Kati ya Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi kuna pampu, mota, vinu na majenereta yasiyolala, na anayejua kuyahudumia hupata kazi yenye mshahara wa dola. Mshahara huo ndio utakaolipia saa za kuruka. Mwanafunzi wa elektromekanika pia akifika shule ya urubani anakuta nusu ya kitabu cha mifumo ya ndege amekizoea: haidroliki, mkondo wa umeme, jenereta, injini. Wenzake wanakariri, yeye anatambua. Ubaya wake ni ugumu. Polytechnique inachuja, na ukiingia kwa sababu tu unapenda ndege utachujwa nayo.

Fizikia na Hesabu. Hapa swali la pili linajibiwa vizuri kuliko kokote, la kwanza vibaya: kazi iliyo karibu ni ualimu. Niruhusu nionyeshe kwa nini fizikia inahitajika, maana vijana wengi wanadhani rubani anatumia hesabu za darasa la sita na kompyuta inafanya mengine.

Chukua uwanja wetu wa ndege, Luano. Uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Katika hali ya hewa ya kitabuni, joto hupungua nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kuanzia nyuzi 15 pwani. Basi Luano "ya kitabuni" ingekuwa na nyuzi 6.5 hivi. Lakini ni Oktoba, saa nane mchana, na kipimajoto kinasoma 32. Tofauti ni nyuzi 25.5. Kanuni ya marubani inasema kila nyuzi moja ya ziada huongeza kama mita 36 kwenye mwinuko ambao mbawa zinauhisi. Zidisha: zaidi ya mita 900. Jumlisha na 1,300: ndege imesimama Luano, ila mbawa, injini na rafadha vinafanya kazi kama viko zaidi ya mita 2,200. Ile Cessna 172 ya mafunzo itahitaji mbio ndefu zaidi kuondoka na itapanda polepole, na ukiwa na abiria watatu na matangi yaliyojaa, huenda jibu sahihi ni kuacha mtu mmoja au kungoja asubuhi. Anayefanya hesabu hii kichwani bila kuhangaika ni mtu aliyezoea fizikia. Mahali alipoizoea, sekondari au chuo, si hoja. Shule za Ulaya hugawa nadharia ya leseni ya juu katika mitihani 13, na sehemu kubwa yake ni fizikia iliyovaa sare: hali ya hewa, kanuni za kuruka, uzito na mizani, uelekezaji.

Informatika. Salama wana chuo chao cha juu cha informatika, ESIS, na UNILU nayo inafundisha. Kwa nadharia ya ndege itakusaidia kidogo tu, lakini kwa swali la kwanza na la tatu inashindana na elektromekanika. Mtu wa programu anaweza kuendelea kupokea kazi akiwa kwenye shule ya urubani Nairobi au Port Alfred, Afrika ya Kusini, siku ambazo mawingu yamezuia kuruka, na siku hizo ni nyingi kuliko vipeperushi vinavyoonyesha. Kwa asiyependa grisi na chuma, ningemshauri hii.

Uchumi na Usimamizi. Inafaa kwa anayeona mbele ya kiti cha rubani: kumiliki ndege ndogo mbili za kukodi, kuendesha ofisi ya safari, kuwa mkuu wa oparesheni. Benki na makampuni ya mjini yanaajiri pia. Tahadhari ni moja, nadharia ya urubani utaikuta ngeni, hivyo utenge miezi ya kurudia hesabu na fizikia.

Sheria. Anga ina sheria zake, kuanzia Mkataba wa Warsaw wa 1929 na ule wa Montreal wa 1999 kuhusu haki za abiria na mizigo, hadi sheria ya Kongo ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010. Mwanasheria anayejua pia kurusha ndege ni mtu adimu. Lakini kama unasoma Sheria kwa sababu mjomba ameipenda, mwambie.

Udaktari hapana, isipokuwa unautaka kwa nafsi yake. Miaka ni mingi mno, na ukimaliza utakuwa umechoka kulipa na kulipiwa.

Lugha ya Kiingereza kama shahada, pia hapana. Kiingereza utakihitaji sana, nitalieleza, ila hakihitaji miaka mitatu ya fasihi.

Halafu kuna Anga yenyewe. Kinshasa, ISTA, chuo cha juu cha ufundi, ina sehemu ya usafiri wa anga na ya hali ya hewa. Wanaotoka huko hutafuta kazi RVA, inayoendesha viwanja na minara, au METTELSAT, wakala wa hali ya hewa. Ni njia nzuri ya kuishi karibu na ndege, na rubani mwenye msingi wa hali ya hewa ana faida kubwa. Ujue tu kwamba milango ya waajiri hao haifunguki kwa pamoja wala kila mwaka, na kwamba hutoki hapo ukiwa rubani.

Nina wasiwasi zaidi na zile shahada za nje za "usimamizi wa anga" zinazouzwa kwa bei ya dhahabu pamoja na picha za kijana aliyevaa sare. Zinaanguka siku ileile urubani unapoanguka. Mwaka 2020, kwa hesabu za ICAO, abiria wa ndege duniani walishuka kutoka bilioni 4.5 hadi bilioni 1.8. Marubani walikaa nyumbani, na wenye shahada za usimamizi wa anga walikaa nao. Fundi wa umeme wa Kolwezi aliendelea kwenda kazini.

HATUA YA NNE: PANGA FEDHA KABLA YA KUPANGA NDOTO

Kuna njia mbili za kusomea. Ya kwanza ni kozi nzima: unaingia hujui kitu, unatoka baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili na leseni ya biashara, ruhusa ya kuruka kwa vyombo (kufuata vipimo vya ndani usipoona nje) na ya injini mbili. Ni haraka na ina nidhamu, lakini inataka fedha nyingi kwa mkupuo. Ulaya na Marekani, ukiweka malazi, mara nyingi jumla hukaribia au kupita dola 100,000. Afrika ya Kusini na Afrika Mashariki ni nafuu, ila bado ni makumi ya maelfu.

Njia ya pili ni vipande vipande: leseni binafsi kwanza, kisha kukusanya saa, kisha nadharia, kisha vyombo, kisha biashara. Unalipa kila kipande fedha zikipatikana. Kwa mtoto wa Lubumbashi mwenye kazi mgodini, ndiyo inayowezekana. Kuna watakaokwambia waajiri huidharau. Baadhi ya mashirika ya Ulaya hupendelea kozi nzima, kweli. Huku kwetu mwajiri anasoma leseni na daftari la saa, hasomi uliilipa kwa awamu ngapi.

Hatari ya vipande ni kusahau. Ukiruka saa kumi kisha ukae mwaka mzima, utalipia tano za kurudia ulichojua. Ni afadhali uweke akiba ya kipande kizima, uchukue likizo ndefu au uache kazi kwa miezi mitatu, ukamalize kipande hicho.

Unapoongea na wazazi usilete jumla kuu peke yake. Baba akisikia "dola elfu hamsini" mazungumzo yamekwisha. Mpelekee milango: "Papa, naomba kwanza fedha za daktari. Nikipita, tutaongea habari ya leseni binafsi. Nikishindwa, tumepoteza kidogo, na masomo ya chuo yanaendelea." Mzazi wa Katanga aliyewahi kufanya kazi kampuni kubwa anaielewa lugha ya awamu. Asichokielewa ni kuombwa kuuza kiwanja cha familia kwa ajili ya karatasi iliyotumwa WhatsApp.

HATUA YA TANO: PIMA SHAHADA YA URUBANI YA NJE

Kuna vyuo vikuu vinavyokupa shahada na leseni kwa pamoja. Marekani vinajulikana sana Embry-Riddle, yenye kampasi Daytona Beach na Prescott, Purdue, na Chuo Kikuu cha North Dakota kilichoko Grand Forks. Huko shahada ina faida ya kisheria usiyoikuta kwingine. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, Marekani ilitunga sheria, iliyoanza kutumika 2013, kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na leseni ya juu, yaani saa 1,500. Lakini mwenye shahada ya anga kutoka chuo kilichoidhinishwa anaweza kuanza na saa 1,000. Saa 500 pungufu ni karibu mwaka wa kazi.

Swali ni kama faida hiyo ni yako. Ina maana kwa mwenye haki ya kufanya kazi Marekani. Mwanafunzi wa kigeni wa shahada hupewa kipindi kifupi cha kufanya kazi baada ya kumaliza, na wengi hukitumia kufundisha urubani. Kikiisha, mlango unafungwa. Visa ya shule ya urubani tupu ni nyingine na haina mapana hayo. Pia kila mgeni anachunguzwa na idara ya usalama wa usafiri kabla ya kuanza kuruka, kwa hiyo tenga muda. Ukirudi Lubumbashi na saa 1,000 za Marekani, kanuni ya huku bado inataka 1,500 kwa ukapteni. Kama hakuna ufadhili, mimi nisingeuza nyumba kwa ajili ya hilo.

Addis Ababa ni hadithi nyingine. Shirika la ndege la Ethiopian lina chuo chake cha anga kinachopokea wanafunzi wa nje ya nchi, marubani na mafundi, na ndege zake zinatua Luano. Zaidi ya hayo, Air Congo iliyoanza kuruka Desemba 2024 ni ushirika wa Serikali yetu na Ethiopian. Siahidi mtu kazi kwa sababu hiyo, ila kujifunza taratibu za shirika ambalo liko ndani ya soko la nyumbani si jambo dogo. Ukiwa huko angalia pia ufundi wa ndege. Fundi mwenye leseni hutafutwa Kongo nzima, na ni wachache wanaolifikiria.

Afrika Mashariki kuna shule za uwanja wa Wilson, Nairobi, na kile chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya nchi za jumuiya. Kusini kuna Lusaka, na Afrika ya Kusini yenye shule nyingi na hali ya hewa inayoruhusu kuruka siku nyingi za mwaka. Mtu wa Goma au Bukavu atapata Soroti karibu. Wa Lubumbashi atapata Lusaka na Johannesburg.

HATUA YA SITA: KIINGEREZA, TANGU MWAKA WA KWANZA

ICAO inapima lugha ya redio kwa ngazi 6. Rubani wa safari za kimataifa anahitaji angalau ya 4. Wa ngazi ya 4 anapimwa tena kila baada ya miaka 3, wa 5 kila baada ya 6. Kwetu mnara unaweza kukujibu kwa Kifaransa, na hilo ndilo linalowalaza vijana. Vuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, chini ya kilomita 100 kutoka mjini, na Kifaransa chako kimekwisha nguvu. Shule zote za urubani nilizozitaja hapo juu, vitabu na mitihani ni kwa Kiingereza.

Usingoje kozi ya gharama. Tafuta mazungumzo: Wazambia wanafanya biashara hapa, makampuni ya migodi yamejaa wageni wanaokiongea, na mikutano ya kazi huko Fungurume haifanywi kwa Kifaransa peke yake. Mhandisi wa elektromekanika atakijifunza akiwa kazini na kulipwa juu yake. Kisha sikiliza mawasiliano ya redio ya minara mtandaoni kila siku, uandike namba unazosikia: mwinuko, mwelekeo, masafa. Mtihani haukuulizi mashairi. Unakuuliza unafanya nini injini ya kushoto ikitoa moshi, na kama aliye chini amekuelewa.

HATUA YA SABA: KAGUA SHULE, KISHA KAGUA KURUDI

Kabla ya kutuma hata dola moja, tafuta jina la shule kwenye orodha ya shule zilizoidhinishwa na mamlaka ya nchi husika. Wakala anayesema ana "nafasi tatu zilizobaki" na akaunti ya benki ya mtu binafsi, mwache aendelee na safari yake. Lipa kwa awamu, pata risiti, uliza ndege ngapi zinaruka leo na wanafunzi wangapi wanazingojea. Shule yenye wanafunzi arobaini na ndege mbili itakulaza kwenye viti miezi kadhaa, na kodi ya nyumba haingojei. Zungumza na Mkongomani aliyesoma pale mwaka huu. Aliyesoma zamani anakumbuka mazuri tu.

Kuhusu kurudi: leseni ya nje haikuruhusu kurusha ndege ya Kongo moja kwa moja. Mamlaka ya anga, AAC, iliyoko Kinshasa, lazima iitambue au uibadilishe kuwa ya Kongo. Andika kuuliza masharti kabla ya kuchagua nchi ya kusomea. Shahada ya nje nayo inahitaji kutambuliwa na wizara ya elimu ya juu, ukitaka itumike kazini serikalini.

Vijana huuliza sana kuhusu orodha ya Ulaya. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia anga yake mashirika yote yaliyopewa cheti na mamlaka ya Kongo. Katazo hilo linahusu mashirika. Leseni yako, hasa ya nchi nyingine, haimo humo. Linakugusa kwa njia ya pembeni: mwajiri wa nje atachunguza kwa makini zaidi saa ulizozipata hapa.

HATUA YA NANE: SAA ZA KATIKATI

Hapa ndipo shahada inapolipa. Una leseni ya biashara na saa 200. Bima za makampuni mengi hazitaki kukuona kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, peke yako na saa hizo. Njia za kujaza pengo ni kufundisha urubani ulikosomea, kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ndogo za Let 410 zinazohudumia viwanja vya ndani, au kupata kazi ya ofisi ya oparesheni kwenye kampuni ya ndege ukingoja zamu. Kungoja huku huchukua miezi, kwa wengine miaka. Mwenye elektromekanika au informatika anangoja akiwa analipwa, na kila robo mwaka ananunua saa chache ili mkono usishike kutu. Asiye na kitu anakubali kuruka bure, kwenye ndege isiyotunzwa, kwa bosi asiyeuliza maswali. Wengi wa waliokubali hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na deni.

Katika kipindi hicho linda daftari la saa kama hati ya nyumba. Kila ukurasa utiwe saini na mwalimu au kapteni siku ileile, si mwisho wa mwezi. Upige picha, utume nakala kwa barua pepe yako na kwa mtu mmoja wa familia. Tarehe, namba ya usajili wa ndege, uwanja wa kuondoka na wa kufika, saa za mchana na za usiku, saa za vyombo: mwajiri atalinganisha na kumbukumbu za kampuni, na AAC nayo italiomba daftari hilohilo siku utakapopeleka leseni yako Kinshasa.